Nambari na Ngeli Yake: Kupokezana Data baina ya Programu za Uigaji na Lugha za Skripti

Makala hii inakusudia kuchunguza historia ya jambo ambalo kwa kawaida huachiwa wahandisi, lakini ambalo kwa asili yake ni suala la lugha: namna nambari zinavyotoka katika programu ya uigaji na kuingia katika lugha ya skripti, na namna zinavyorudi. Programu ya uigaji ni ile inayofuatisha kwa hesabu mwenendo wa kitu cha ulimwengu, kama vile mawingu, atomu za madini au chombo kinachosafiri angani. Lugha ya skripti ni lugha nyepesi ya tarakilishi ambayo mtumiaji huiandika papo kwa papo ili kuiamuru programu hiyo, kuyahoji matokeo yake na kuyachora. Ya kwanza hutungwa kwa ajili ya kasi ya mashine. Ya pili hutungwa kwa ajili ya wepesi wa mtu. Aghalabu hazikuzaliwa nyumba moja, na kila zinapokutana huhitaji mkalimani.

Msomaji wa Kiswahili anayo njia ya karibu ya kulifahamu tatizo lenyewe. Mtu akisikia 'vinane' peke yake, hata kama nomino haikutajwa, hujua kwamba kilichohesabiwa kimo katika ngeli ya KI-VI. Akisikia 'wanane' hujua kwamba ni viumbe wenye uhai. Lakini akisikia 'saba' hajui lolote, kwa kuwa sita, saba na tisa, zilizopokewa kutoka Kiarabu, hazikubali kiambishi cha upatanisho. (Kumi, ingawa ni ya Kibantu, imeandamana nazo katika tabia hiyo.) Nambari iliyomo ndani ya tarakilishi ni kama saba: huweza kuwa mita, ratili au digrii za joto, na sura yake isibadilike hata kidogo. Dai la makala hii ni kwamba historia ya kupokezana data ni historia ya kuitafutia nambari ngeli yake, na kwamba mara nyingi hatua iliyourahisisha uchukuzi wa nambari ndiyo hiyo hiyo iliyoifanya ngeli iwe rahisi kupotea.

Mfano wa mwanzo ni wa mwaka 1948, wakati ambapo lugha za skripti hazijafikiriwa bado. Wataalamu wa maabara ya Los Alamos, miongoni mwao Nicholas Metropolis na Klara von Neumann, walikwenda Aberdeen katika jimbo la Maryland, Marekani, kuitumia mashine iliyoitwa ENIAC. Kazi yao ilikuwa kuiga safari za nyutroni kwa njia ya kubahatisha iliyopewa jina la Monte Carlo. Kadi moja ya karatasi iliyotobolewa ilisimama badala ya nyutroni moja katika wakati mmoja: mahali ilipo, mwendo wake, saa yake. Mashine ilimeza kadi, ikapiga hesabu, ikatoboa kadi mpya, na hizo mpya zikarudishwa kinywani mwake kwa duru iliyofuata. Kadi yenyewe haikubeba maelezo ya maana. Maana ya kila tundu iliwekwa katika karatasi za mpango na katika vichwa vya watu wachache. Kwa kuwa watu hao ndio walioipanga kazi na ndio walioiendesha, madhara yalikuwa haba. Ngeli ilikuwa chumbani, ingawa haikuwa kwenye kadi.

Kisa cha Edward Lorenz kinajulikana zaidi kwa sababu nyingine, lakini hapa ndipo mahali pake hasa. Katika majira ya baridi ya mwaka 1961, Lorenz alikuwa akiiga hali ya hewa kwa milinganyo kumi na miwili kwenye tarakilishi ndogo ya Royal McBee LGP-30, katika chuo cha MIT. Alitaka kuurudia kwa urefu zaidi mwenendo mmoja aliokwisha kuuona. Badala ya kuanza upya, alizisoma nambari zilizochapishwa katikati ya mwenendo ule, akazipiga tena kwa mkono kama nambari za kuanzia, kisha akatoka kwenda kunywa kahawa. Aliporudi baada ya muda wa saa moja hivi, mashine ilikuwa imekwisha kuiga miezi miwili ya hali ya hewa, na hali hiyo haikufanana kabisa na ile ya kwanza. Kwanza alidhani kwamba valvu moja ya mashine imechoka. Hatimaye akatambua kwamba ndani ya mashine nambari ilikuwa na tarakimu sita baada ya nukta, kama 0.506127, lakini mchapishaji, ili aokoe nafasi katika karatasi, alitoa tatu tu: 0.506. Kutokana na tofauti hiyo ndogo ukazuka utafiti alioutangaza mwaka 1963, ambao ni miongoni mwa misingi ya nadharia ya vurugu katika mifumo ya asili.

Wanahistoria wa sayansi hukisimulia kisa hiki ili waonyeshe jinsi hewa ilivyo nyepesi kuyumbishwa. Hiyo ni kweli, lakini ipo kweli ya pili isiyotajwa sana. Lorenz alipozinakili nambari zile kwa mkono, yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa skripti. Alipokea data kutoka katika programu ya uigaji, akaichagua, akairudisha. Maandishi aliyoyatumia kama daraja yalikuwa na sifa njema ya kusomeka na mwanadamu, na yalikuwa na ila ya kutosema yameacha nini. Hapakuwa na alama katika karatasi ile iliyosema: hii si nambari nzima, ni kipande chake. Daraja la maandishi limeendelea kutumika hadi leo, na ila yake imeendelea nalo. Nambari ya aina inayotumiwa zaidi katika uigaji, ile ya biti 64, huhitaji hadi tarakimu 17 za desimali ili iandikwe na kusomwa tena bila kupungukiwa na chochote. Na waandishi wengi wa programu huridhika na sita.

Wahandisi waliokerwa na ila hiyo waliacha maandishi wakazipitisha nambari kama zilivyo katika kumbukumbu ya mashine, yaani baiti kwa baiti. Tarakimu hazikupotea tena. Kilichopotea sasa kilikuwa mpangilio. FORTRAN, iliyotolewa mwaka 1957 na kundi la John Backus katika kampuni ya IBM, ndiyo iliyokuwa lugha kuu ya uigaji kwa miongo mingi, na hata sasa programu kubwa za hali ya hewa bado zimo katika lugha hiyo. Ndani yake jedwali hupangwa safuwima baada ya safuwima, na nafasi huhesabiwa kuanzia 1. Lugha ya C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie katika Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 1970, hupanga safumlalo baada ya safumlalo na huanza na 0. Nayo ndiyo lugha ambayo lugha nyingi za skripti zilijengwa juu yake. Jedwali likivuka mpaka huu bila maelezo, safuwima hugeuka safumlalo. Likiwa la mraba, yaani lenye safu sawa kila upande, hakuna kitakachoonyesha kwamba limegeuka: kila nambari ipo, na karibu kila moja ipo mahali pasipo pake.

Mambo kama haya si mageni katika Afrika Mashariki. Mtu akimwandikia mgeni asiyejua hesabu ya saa ya Waswahili kwamba mkutano ni 'saa tatu', na mgeni akaitafsiri tatu kwa tatu, atafika saa tisa alasiri na kukuta viti vitupu. Neno limefasiriwa sawasawa. Lililoachwa ni mwanzo wa kuhesabu, ambao kwa Mswahili ni mapambazuko na kwa Mwingereza ni usiku wa manane, na ambao hakuna hata mmoja wao anayeutaja kwa sababu kila mmoja anadhani ndio wa watu wote.

Hata ndani ya nambari moja mashine hazikupatana. Nyingine, kama zile kubwa za IBM, zilitanguliza baiti yenye thamani kubwa. Nyingine, kama VAX za kampuni ya DEC, zilitanguliza ndogo. Mwaka 1980 Danny Cohen aliandika waraka wa mzaha wenye maana nzito, akaazima kutoka kisa cha Gulliver cha Jonathan Swift majina ya makundi mawili yaliyopigana kwa sababu ya ncha ya kuvunjia yai. Majina hayo yamebaki kuwa istilahi rasmi. Kanuni ya mwaka 1985 kuhusu nambari za desimali, inayojulikana kama IEEE 754, iliondoa sehemu kubwa ya tofauti katika umbo la nambari, ingawa suala la ncha ya yai haikulimaliza.

Upande wa skripti nao ulikuwa ukikua. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Cleve Moler wa Chuo Kikuu cha New Mexico aliunda MATLAB ili wanafunzi wake wazitumie hazina za hesabu za FORTRAN bila kulazimika kuandika FORTRAN yenyewe. Mwanzoni lugha hiyo ilikuwa na aina moja tu ya kitu, nayo ni matriksi. Ni vigumu kufikiria lugha maskini zaidi kwa msamiati, na labda umaskini huo ndio uliorahisisha mambo: penye aina moja hapana haja ya kuuliza aina. Kampuni ya MathWorks iliyoanzishwa mwaka 1984 iliieneza duniani.

John Ousterhout wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliliendea jambo kutoka upande mwingine. Yeye na wenzake walikuwa wakitunga programu za kusanifia saketi za elektroniki, na kila programu ilikuwa na kijilugha chake cha amri, hafifu na cha pekee, kisichofaa kwingine. Mwaka 1988 akaanza kuunda Tcl, lugha ya amri inayoweza kupachikwa ndani ya programu yoyote. Ili ikubaliwe na kila mwenyeji, Tcl ilikata shauri moja la kijasiri: kila kitu ni mfuatano wa herufi. Nambari ikitoka katika programu huandikwa kuwa herufi, na ikirudi husomwa kutoka herufi. Urahisi wake ulipendwa mno. Lakini msomaji ambaye hajamsahau Lorenz atataka kujua ni tarakimu ngapi zilizoandikwa. Katika matoleo ya mwanzo zilikuwa sita, isipokuwa mtumiaji awe ameagiza vingine. Katika toleo la 8.0 zikawa 12. Ni katika toleo la 8.5, la mwaka 2007, ndipo ilipokuwa desturi ya lugha hiyo kuandika tarakimu zote zinazohitajika ili nambari irudi ilivyotoka. Kutoka 1961 hadi 2007 ni miaka 46.

Wakati huohuo watu wa hali ya hewa walikuwa wamejaribu dawa nyingine. Huko Boulder, Colorado, kituo cha Unidata kilitoa mwaka 1989 muundo wa faili unaoitwa netCDF, ambao ndani yake nambari hufuatana na jina la kigezo, vipimo vya jedwali na sifa nyingine kwa maneno, mojawapo ikiwa kizio cha kipimo. Faili ya namna hiyo hujieleza yenyewe: anayeifungua huona kwamba hizi ni halijoto, kwa kelvini, kwa latitudo na longitudo kadha. Kwa lugha ya isimu, hii ndiyo mara ya kwanza katika masimulizi haya ambapo nambari imepewa nafasi rasmi ya kiambishi chake cha upatanisho. Hata hivyo muundo wenyewe haumlazimishi mwandishi kukitia kizio. Sharti hilo lilikuja baadaye kwa makubaliano ya watumiaji, nayo makubaliano huwafunga waliokubali tu.

Los Alamos inarudi tena katika miaka ya 1990. David Beazley na Peter Lomdahl walikuwa na programu ya kuiga mwendo wa atomu iliyoitwa SPaSM, ambayo kundi lake lilipata tuzo ya Gordon Bell mwaka 1993 kwa kasi yake. Kasi hiyo ilizaa taabu. Uigaji wa mamilioni mengi ya atomu hutoa data nyingi kuliko inavyoweza kuhamishwa kwa urahisi hadi kwenye tarakilishi ya mezani ili ichunguzwe. Suluhisho lao lilikuwa kuacha kuihamisha. Mwaka 1995 Beazley alianza kuunda chombo kilichopewa jina la SWIG, ambacho husoma maelezo ya kazi zilizomo katika programu ya C na kujitungia chenyewe ukalimani wa kuziunganisha na lugha ya skripti, iwe Tcl, Perl au Python. Nambari hubaki zilipo. Skripti hupewa anwani yake tu katika kumbukumbu.

Ustadi wa SWIG ulio muhimu zaidi kwa hoja ya makala hii ni mdogo kwa umbo. Anwani ya kumbukumbu nayo ni nambari tupu, na anayeipeleka mahali pasipostahili huiangusha programu nzima. Beazley aliifanya anwani isafiri ikiwa imeunganishwa na jina la aina ya kitu kinachoelekezwa, vyote viwili katika neno moja. Skripti inapoirudisha anwani, SWIG hulitazama jina kwanza. Lisipopatana na linalotarajiwa, kazi hukataliwa na mtumiaji huambiwa. Kama vile sikio la Mswahili linavyokataa 'vitabu wawili', ndivyo daraja hili lilivyokataa atomu iliyopelekwa mahali pa seli. Ni upatanisho wa kisarufi hasa. Ila unaishia kwenye aina ya kitu. Urefu ukiwa kwa mita au kwa futi, jina la aina ni lile lile.

Ambako upatanisho huo uliishia ndiko hasara kubwa ilikotokea, ingawa katika mfumo mwingine kabisa. Chombo cha anga cha Marekani kiitwacho Mars Climate Orbiter kilirushwa tarehe 11 Desemba 1998 kwenda sayari ya Mirihi. Njiani kiliwasha mara kwa mara injini zake ndogo ili kutuliza magurudumu ya kukisawazisha, na kila uwashaji ulikisukuma kidogo. Programu moja ya ardhini iliyapiga hesabu misukumo hiyo na kuiandika katika faili. Waongozaji waliisoma faili hiyo na kuitia katika modeli yao ya njia ya chombo. Mkataba wa maandishi baina ya pande hizo ulitaka kizio cha nyutoni-sekunde. Programu iliandika ratili-sekunde za nguvu. Ratili moja ya nguvu ni nyutoni 4.45 hivi, kwa hiyo kila msukumo ulionekana kuwa mdogo mara 4.45 kuliko ulivyokuwa.

Ripoti ya bodi ya uchunguzi, iliyotolewa tarehe 10 Novemba 1999, ina jambo moja ambalo wasimuliaji wengi huliruka. Kwa miezi minne ya kwanza ya safari, faili hizo hazikutumika, kwa sababu zilikuwa na makosa ya muundo. Waongozaji walitegemea taarifa zilizotumwa kwa barua pepe. Makosa ya muundo yaliporekebishwa mwezi Aprili 1999, faili zilianza kusomeka, na tangu hapo nambari zikapita bila kizuizi. Kosa la umbo lilijitangaza lenyewe, likasahihishwa. Kosa la maana halikuwa na pa kujitangazia, kwa kuwa nambari yenye ratili na nambari yenye nyutoni huandikwa kwa tarakimu zile zile. Waongozaji waliona dalili kwamba hesabu hazilingani, lakini dalili hazikufuatiliwa kwa njia rasmi. Tarehe 23 Septemba 1999 chombo kilipita nyuma ya Mirihi na hakikusikika tena. Kilikusudiwa kupita kilomita 226 juu ya sayari hiyo. Hesabu za baadaye zilionyesha kilomita 57, hali kisingeweza kunusurika chini ya 80.

Ingekuwa makosa kusema kwamba wataalamu hawakujifunza lolote. Lugha ya Python, iliyoanzwa na Guido van Rossum huko Amsterdam mwishoni mwa 1989, ilipata katika miaka ya 1990 hazina ya majedwali iliyotungwa na Jim Hugunin, na mwaka 2006 Travis Oliphant akatoa toleo la 1.0 la NumPy, lililourithi na kuupanua urithi huo. Jedwali la NumPy ni anwani ya kumbukumbu pamoja na kitambulisho kinachotaja aina ya nambari, ncha ya yai, idadi ya safu, na hatua za kuruka kutoka nambari moja hadi inayofuata. Kwa hatua hizo, mpangilio wa FORTRAN na ule wa C vyote viwili huelezeka, na jedwali la programu ya uigaji huweza kusomwa na skripti mahali pale pale lilipo, bila kunakiliwa na bila kugeuka. Pendekezo lililoandikwa mwaka huo huo, PEP 3118, liliufanya utaratibu huo kuwa sehemu ya Python yenyewe. Ugomvi wa miaka 30 uliisha kimyakimya, na vijana wanaoandika skripti leo hawajui kwamba ulikuwako.

Kitambulisho hicho lakini hakitaji kizio. Isipokuwa aina maalumu ya nambari za wakati, ambazo hubeba sekunde au siku zake, jedwali la NumPy lenye misukumo kwa ratili halitofautiani kwa lolote na lenye misukumo kwa nyutoni. Wanaotaka vizio huviongeza kwa hazina za pembeni, kwa hiari yao.

Mwezi Januari 2010 ilitolewa kanuni ya FMI, iliyotokana na mradi wa Ulaya ulioitwa MODELISAR, ambao msukumo wake mkubwa ulitoka kwa watengenezaji wa magari waliotaka modeli za injini, breki na gia kutoka kwa watungaji mbalimbali ziweze kuigwa pamoja. Modeli hufungwa katika faili moja iliyobanwa. Ndani yake mna kazi za C zinazotoa na kupokea nambari, na kando yake mna waraka wa maelezo unaotaja kila kigezo kwa jina, aina na kizio. Skripti inapotaka halijoto ya injini, haitaji 'halijoto'. Hutaja namba ya utambulisho ya kigezo hicho, na kurudishiwa nambari tupu. Jina na kizio hubaki katika waraka, kwa yule atakayeufungua. Na katika waraka huo, sehemu ya kizio si ya lazima kujazwa.